Kazaliwa, Ubongo Unafuata

Mwanzoni mwa karne iliyopita, watu wa mashambani huko Texas walikuwa na maelezo yao kuhusu uzazi wa oposumu. Dume, walisema, humpanda jike puani, kwa kuwa maumbile yake yana ncha mbili na pua ina matundu mawili. Jike akishapata mimba huingiza pua kwenye mfuko wa tumboni na kupuliza, na vitoto huingia humo. Ushahidi haukuwa haba: mara nyingi jike alionekana ameinama, pua mfukoni, na muda mfupi baadaye vitoto vikakutwa ndani vimeng'ang'ania chuchu, bila mtu kuona vilipopita.

Carl Hartman, mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, hakuridhika na hadithi hiyo. Alifuga majike na kuwavizia hadi akashuhudia uzazi wenyewe, na mwaka 1920 akachapisha aliyoyaona. Vitoto vilitoka kwa njia ya kawaida. Mama alikuwa akijilamba tu. Hakubeba hata kimoja. Kila kitoto kilipanda chenyewe kwenye manyoya ya tumbo, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, kwa mwendo wa mtu anayeogelea, mpaka kikaingia mfukoni na kuanza kutafuta chuchu.

Mimba ya oposumu huyo wa Virginia huchukua siku 12 au 13. Kitoto chake hakifikii hata robo ya gramu. Mikono ina kucha na nguvu ya kushika, lakini miguu ya nyuma ni vichipukizi visivyofanya kazi yoyote, macho hayajaumbika na masikio hayasikii. Mfukoni kwa kawaida kuna chuchu 13, na watoto katika uzazi mmoja wanaweza kuzidi 20. Kinachofika wakati chuchu zimekwisha hufa. Ni mashindano makali kwa kiumbe ambacho kingekuwa binadamu, mama yake angekuwa ndiyo kwanza anaanza kuhisi kichefuchefu cha asubuhi.

Hartman alijibu swali la njia: vitoto vinapita wapi. Lililobaki lilikuwa gumu zaidi. Kitu ambacho ubongo wake haujajengwa kinajuaje pa kwenda?

Msomaji wa Afrika Mashariki hatamkuta oposumu porini kwake. Wanyama wanaozaa watoto wachanga namna hii wako Australia na visiwa jirani, ndiko kwa kangaruu na koala, na wako Amerika, ndiko kwa oposumu. Zamani hali ilikuwa tofauti kidogo: mwaka 2022 wataalamu wa visukuku walieleza jino dogo lililopatikana Moroto, kaskazini-mashariki mwa Uganda, la mnyama wa jamii hiyo aliyeishi yapata miaka milioni 20 iliyopita. Walimwita Morotodon, na kwa ushahidi uliopo ndiye wa mwisho wa ukoo wake katika bara hili.

Anayezungumzwa zaidi katika maabara si yule mkubwa wa Virginia. Ni mdogo wake wa Amerika Kusini, mwenye rangi ya kijivu na mkia mfupi, anayeitwa kitaalamu Monodelphis domestica. Ukubwa wake uko kati ya panya wa nyumbani na panya-buku, na mzima huwa na gramu 80 hadi 150 hivi. Kwao Brazil na nchi jirani hula wadudu, nge na matunda, na huingia majumbani bila kukaribishwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wachache walikamatwa kaskazini-mashariki mwa Brazil na kupelekwa Marekani, na kizazi chao kikastawi San Antonio, Texas, chini ya uangalizi wa mtaalamu wa jenetiki John VandeBerg. Wengi wa oposumu walioko leo katika maabara za Marekani, Ulaya na Australia ni wajukuu wa kundi hilo.

Sifa yake kubwa ni kitu asichokuwa nacho. Hana mfuko. Vitoto vyake, ambavyo huweza kufika 13, huzaliwa baada ya mimba ya siku 14, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita moja hivi na uzito wa takriban gramu moja ya kumi, na huning'inia kwenye chuchu hadharani kwa wiki mbili. Mtafiti hahitaji kumpasua mama ili amfikie mtoto. Anamgeuza tu.

Kwa mtu anayechunguza jinsi ubongo unavyojengwa, hiyo ni bahati ambayo panya hawezi kumpa. Ubongo wa panya hujengwa zaidi ndani ya mji wa mimba, nyuma ya ngozi, misuli na kondo. Kila uchunguzi ni operesheni ya watu wawili, mama na kijusi, na mara nyingi mmoja haokoki. Kwa oposumu, kazi ambayo wanyama wengine huifanya gizani hufanyika mchana kweupe.

Na ni kazi kubwa. Siku ya kuzaliwa, gamba la ubongo wa oposumu, lile tabaka la juu ambalo kwa binadamu hubeba lugha, mipango na kumbukumbu, ni ukuta mwembamba wa seli zinazogawanyika. Tabaka sita za gamba lililokomaa hazipo. Seli nyingi zitakazozitengeneza hazijazaliwa. Ubongo mdogo wa kisogoni, unaosawazisha mwendo, utajengwa baada ya kuzaliwa. Retina ya jicho bado haijajipanga. Kwa jumla, wataalamu hulinganisha ubongo huo na wa kiinitete cha panya cha siku 13 au 14, au cha binadamu cha wiki sita hivi.

Lakini si kila kitu kimechelewa. Mwaka 1997 Kathleen Smith wa Chuo Kikuu cha Duke alilinganisha ratiba ya ujenzi wa kichwa katika wanyama wenye mfuko na wale wenye kondo kamili, kina paka na panya. Katika wanyama wa kundi letu ubongo hutangulia, na mifupa na misuli ya uso hufuata. Katika kundi la oposumu, mdomo, ulimi na taya huharakishwa hadi kuupita ubongo. Ndiyo hesabu ya maisha yake: bila mdomo wa kunyonya siku ya kwanza, hakuna siku ya pili, na gamba la ubongo linaweza kungoja.

Ugwe wa mgongo, ile kamba laini ya neva inayopita ndani ya mifupa ya uti, nao una ratiba yake. Sehemu ya shingoni, inayoendesha mikono na pumzi, imeshaunganishwa na shina la ubongo na inafanya kazi. Sehemu ya kiunoni, inayosubiri miguu ambayo haipo, iko nyuma kwa siku kadhaa. Kwa hiyo katika mwili wa sentimita moja kuna umri zaidi ya mmoja: mbele mtoto, nyuma kiinitete. Mtafiti anaweza kulinganisha hatua mbili za ujenzi kwa kusogeza darubini milimita chache tu.

Kuhusu safari ya manyoyani, kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kitoto huongozwa na hisia ya juu na chini kupitia chombo cha usawa kilichomo sikioni. Thérèse Cabana na Jean-François Pflieger wa Chuo Kikuu cha Montreal walifuatilia nyuzi za neva zinazotoka kwenye chombo hicho wakaona kuwa mfumo huo bado ni mchanga mno kufanya kazi hiyo wakati wa kuzaliwa. Baadaye watafiti wa hukohuko walijaribu njia nyingine: waligusa pua na uso wa kitoto, na misuli ya mikono ikaitikia. Neva inayobeba hisia za uso iko tayari mapema. Inaelekea, basi, kwamba kitoto hakipandi kwa kuwa kinajua juu ni wapi. Pua inagusa manyoya, mkono unavuta, kichwa kinageuka, pua inagusa tena. Mashine sahili kabisa, na inatosha.

Hapa ndipo anapoingia mtu ambaye hakuanza na oposumu hata kidogo. John Nicholls, mzaliwa wa London, alikuwa mwanafunzi wa Bernard Katz, kisha akafanya kazi na Stephen Kuffler huko Harvard, na pamoja naye akaandika kitabu cha mwaka 1976 ambacho wanafunzi wa sayansi ya neva bado wanakisoma katika matoleo mapya. Kwa miaka mingi mnyama wake alikuwa mruba, yule mnyonya damu wa madimbwini. Mruba ana neva chache na kubwa, na zikikatwa, hujiunga upya, tena kwa usahihi. Nicholls alijua vizuri kwamba kwa mamalia mambo si hivyo. Tangu Mhispania Santiago Ramón y Cajal alipochunguza suala hili mwanzoni mwa karne ya 20, vitabu vilifundisha kuwa nyuzi za ubongo na ugwe wa mgongo wa mamalia aliyekomaa, zikishakatwa, hazioti tena.

Akiwa Basel, Uswisi, mwishoni mwa miaka ya 1980, na akishirikiana na Norman Saunders, bingwa wa ukuaji wa ubongo, Nicholls alifanya jambo ambalo kwa panya haliwezekani. Alitoa ubongo wote na ugwe wote wa kitoto cha oposumu, ukiwa mzima kama ulivyo, akauweka ndani ya chombo chenye maji ya chumvi, sukari na oksijeni. Kwa kuwa ni mdogo mno, oksijeni huweza kupenya hadi katikati bila mishipa ya damu. Uliishi siku kadhaa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 yalionyesha kuwa seli ziliendelea kugawanyika, miitikio ya papo kwa papo iliendelea, na neva za shingoni zilitoa mdundo wa pumzi: ishara za kuvuta hewa, tena na tena, kwa kifua kisichokuwepo.

Baada ya hapo swali lilijileta lenyewe. Je, ukiupondaponda ugwe huo?

Mwaka 1992 kundi la Nicholls lilitoa jibu. Ugwe ulibanwa kwa koleo nyembamba hadi ishara za umeme zikakatika kabisa kati ya upande wa juu na wa chini. Siku chache baadaye ishara zilianza kupita tena, na chini ya darubini nyuzi zilionekana zimevuka jeraha na kuendelea na safari. Haikuhitajika dawa, haikuhitajika seli ya kupandikiza. Mfumo mkuu wa neva wa mamalia, ndani ya chombo cha kioo, ulijitengeneza wenyewe.

Lakini uwezo huo una muda wake. Kwenye shingo, ugwe wa kitoto cha siku tisa hujitengeneza. Ule wa siku ya 12 haujitengenezi. Kiunoni, ambako ujenzi umechelewa, muda huongezeka kwa siku kadhaa. Mnyama ni yuleyule, lishe ni ileile, maji ya chomboni ni yaleyale, ila siku tatu zimepita na mlango umefungwa. Hilo ndilo jambo kubwa ambalo oposumu ameleta mezani, kuliko hata habari za kupona. Swali la zamani liliuliza kwa nini ugwe wa mtu mzima hauponi, na likachunguzwa kwa kulinganisha vitu vilivyo mbalimbali: samaki na binadamu, neva za mkono na neva za mgongo. Sasa likawa na tarehe. Nini kimebadilika kati ya Jumatatu na Alhamisi?

Watuhumiwa wa kwanza walikuwa wameshatajwa. Mwaka 1981, Samuel David na Albert Aguayo huko Montreal walikuwa wameonyesha kuwa nyuzi za ugwe wa panya mzima huota vizuri zikipewa kipande cha neva ya mguu wa kupita ndani yake. Kumbe zina uwezo. Mazingira ndiyo yanayozizuia. Martin Schwab wa Zurich na wenzake walipata sehemu ya kizuizi hicho katika mailini, lile ganda la mafuta linalozizunguka nyuzi za neva na kuharakisha ishara, ambalo hubeba protini zinazosimamisha ukuaji. Jeni la protini maarufu kuliko zote, Nogo, lilitambuliwa mwaka 2000. Schwab na Nicholls waliunganisha nguvu kwa ajili ya oposumu, na utafiti wao wa mwaka 1995 ulionyesha kuwa mailini na vizuizi vyake hujitokeza kwenye ugwe karibu na siku zilezile ambazo uwezo wa kujitengeneza hupotea, shingoni kwanza, kiunoni baadaye.

Inavutia kusema kesi imekwisha. Haijakwisha. Mambo mawili kutokea pamoja hakumaanishi moja limesababisha lingine, na katika siku hizohizo mengi hubadilika kwa pamoja: seli za glia zinazolea neva hukomaa, kinga ya mwili huanza kuitikia jeraha kwa namna mpya, na seli za neva zenyewe huacha hali ya kuota na kuingia hali ya kufanya kazi. Mwaka 2005 Miranda Mladinic, Nicholls na wenzao, wakiwa Trieste, Italia, walipima jeni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa kabla na baada ya mlango kufungwa. Hawakupata jeni moja la kulaumiwa. Walipata orodha.

Kuota chomboni ni jambo moja. Kutembea ni jingine. Saunders, aliyekuwa amehamia Australia, aliifanya kazi hiyo kwa wanyama hai. Vitoto vya siku saba hivi, vikiwa vimepewa dawa ya usingizi pamoja na mama yao na bila kuondolewa kwenye chuchu, vilikatwa ugwe moja kwa moja katikati ya mgongo, kisha vikaachwa vikue. Makala ya mwaka 1998 inaeleza wanyama wazima waliotokana na vitoto hivyo: walitembea, mikono na miguu ikipokezana kwa mpangilio, na wakitiwa majini waliogelea. Nyuzi zilikuwa zimevuka. Uchunguzi wa baadaye wa kundi hilohilo, uliotumia rangi za kufuatilia nyuzi, ulionyesha kuwa baadhi zilikuwa zimekatwa kweli na zikaota tena, na nyingine zilikuwa mpya, zilizofika eneo la jeraha baada ya ajali na kulipita.

Tofauti hiyo si ya kupuuzwa, na hapa gazeti lolote linalotangaza "tiba ya kupooza" lina haki ya kutiliwa shaka. Barabara inayojengwa upya baada ya kubomoka si sawa na barabara ambayo bado ilikuwa inakuja. Mtoto wa siku saba ana nyuzi nyingi ambazo hazijafika kiunoni; kukata kunazikuta njiani. Mtu mzima aliyeanguka kutoka kwenye mnazi, au aliyerushwa na bodaboda, zake zilifika miaka mingi iliyopita. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu zaidi ya milioni 15 wanaishi na majeraha ya ugwe wa mgongo, na karibu wote wako upande wa pili wa mlango ule. Oposumu mzima naye yuko hukohuko. Ugwe wake ukikatwa hana nafuu kuliko sisi.

Sehemu inayoshangaza zaidi ilikuja mwaka 2011. Benjamin Wheaton, katika kundi la Saunders huko Melbourne, alilinganisha wanyama waliokatwa wakiwa na siku saba na wengine waliokatwa wakiwa na siku 28, wakati mlango umefungwa kitambo. Wa siku saba walipata daraja nene la nyuzi kwenye jeraha, kama ilivyotarajiwa. Wa siku 28 walipata uvimbe wenye maji uliozungukwa na kovu, na hakuna uzi hata mmoja uliogunduliwa ukivuka. Kwa mantiki ya kawaida miguu yao ya nyuma ingepaswa kuburuzwa maisha yote. Haikuburuzwa. Wanyama hao walikua wakakanyaga kwa miguu ya nyuma, ikibeba uzito wa mwili, bila amri yoyote kutoka ubongoni.

Walipotiwa majini siri ikaonekana. Miguu ileile ilishindwa kuogelea. Ardhini, nyayo hugusa sakafu, na mguso huo hurudisha taarifa kiunoni, ambako ugwe una mitambo yake ya kupokezana hatua. Majini hakuna sakafu, hivyo hakuna taarifa. Kuwepo kwa mitambo hiyo si habari mpya: Thomas Graham Brown wa Uingereza aliionyesha kwa paka mwaka 1911, na miaka ya 1980 Serge Rossignol na Hugues Barbeau huko Montreal waliwafundisha paka waliokatwa ugwe kukanyaga tena kwenye mkanda unaozunguka. Jipya ni kwamba oposumu hawakufundishwa na mtu. Waliumia wakiwa wadogo vya kutosha kwa ugwe wa kiunoni kujipanga wenyewe upya. Kuna nafuu isiyohitaji nyuzi kuota, na pengine ndiyo iliyo karibu zaidi na wodi za mazoezi ya viungo kuliko hii ya kusubiri neva zivuke kovu.

Uhodari wa kujipanga upya hauko mgongoni pekee. Leah Krubitzer wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na mwenzake Dianna Kahn walitumia kitoto hichohicho kuuliza swali tofauti: sehemu ya ubongo iliyotengwa kwa ajili ya kuona itafanya nini ikiwa macho hayapo tangu mwanzo? Waliondoa macho ya vitoto vya siku nne, kabla nyuzi za jicho hazijafika ubongoni. Matokeo ya mwaka 2002: walipokuwa wazima, eneo lililopaswa kuona lilikuwa limepungua ukubwa na likaitikia sauti na mguso. Tafiti za baadaye katika maabara hiyohiyo zilionyesha kuwa oposumu wasioona tangu utotoni wanatumia sharubu zao kutofautisha nyuso laini na za kukwaruza vizuri kuliko wenzao wenye macho. Kwa panya jaribio hili lingehitaji kuingia tumboni mwa mama. Hapa lilihitaji kuhesabu siku.

Saunders na mshirika wake wa miaka mingi, Katarzyna Dziegielewska, walimtumia pia kuvunja dhana iliyokaa vitabuni muda mrefu: kwamba ubongo wa kijusi hauna kinga dhidi ya vilivyomo katika damu. Katika vitoto vya oposumu, seli za mishipa ya ubongo zimeshafungana barabara mapema sana, na protini hazipiti ovyo. Dziegielewska na Saunders wamekuwa wakisisitiza kwamba kinga hiyo ya utotoni haina upungufu unaosemwa, ila ina utaratibu wake, na ni lazima uchunguzwe dawa kwa dawa. Kwa mama mjamzito anayetumia dawa za kifafa, kwa mfano, neno hilo "dawa kwa dawa" lina uzito kuliko jumla ya "ubongo wa mtoto hauna ulinzi".

Mwaka 2007 jenomu ya Monodelphis ilichapishwa katika jarida la Nature, ya kwanza kwa mnyama yeyote wa kundi hili. Yeye na sisi tulitengana zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, na bado jeni zinazotengeneza protini zinafanana sana. Kilichotofautiana ni maelekezo: takriban asilimia 20 ya vipande vya kuongoza jeni vinavyopatikana katika wanyama wenye kondo kamili vilizuka baada ya utengano huo. Vifaa ni vilevile. Ratiba ndiyo iliyobadilika, na kwa mnyama huyu ratiba ndiyo hadithi yote.

Je, binadamu ana muda kama ule wa siku ya tisa? Kwa kulinganisha hatua za ukuaji, muda huo unaangukia ndani ya mimba, na hapo ndipo madaktari wameanza kuingia kwa sababu nyingine. Mtoto mwenye mgongo wazi huanza maisha yake tumboni huku ugwe ukiwa haujafunikwa, na kadiri wiki zinavyopita ndivyo unavyozidi kuharibika. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2011 liliwalinganisha watoto waliofanyiwa upasuaji tumboni kabla ya wiki ya 26 na waliofanyiwa baada ya kuzaliwa. Wakiwa na miezi 30, asilimia 42 ya kundi la kwanza waliweza kutembea bila vifaa, dhidi ya asilimia 21 ya la pili. Hakuna anayedai kuwa nyuzi zao ziliota upya; faida inaelezwa kwa kuokoa zilizopo, na akina mama walilipa kwa hatari zaidi, pamoja na kujifungua kabla ya wakati. Huku kwetu, ambako watoto wa mgongo wazi na vichwa vikubwa hupelekwa hospitali kubwa kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili baada ya kuzaliwa, na wengine wakiwa wamechelewa, hoja ya foliki asidi kabla ya mimba bado ndiyo ya kwanza.

Kwa watafiti wa oposumu, kikwazo cha miaka mingi kilikuwa kwamba orodha ya jeni zinazoshukiwa ilikuwepo, lakini hakukuwa na njia ya kuzizima moja baada ya nyingine. Yai la mnyama huyu hufunikwa haraka na ganda gumu linalovunja sindano. Mwaka 2021 Hiroshi Kiyonari na wenzake katika taasisi ya RIKEN, Kobe, Japani, walitumia sindano inayotetemeshwa kwa umeme kulipenya, wakahariri jeni la rangi, na wakapata vitoto vyeupe: wanyama wa kwanza wenye mfuko, au wa ukoo wao, kuhaririwa jeni. Rangi ilichaguliwa kwa kuwa inaonekana kwa macho. Majina yaliyomo katika orodha ya Trieste hayaonekani hivyo. Kila moja litahitaji jike, dume wa kumwamsha joto, mimba ya siku 14, na kitoto kimoja cha siku tisa cha kulinganishwa na kingine cha siku 12.